Mdogo Wake Profesa

Jumatatu, 9 Juni

Siku njema. Nimeingia chuoni bila kuonyesha kitambulisho. Tena! Tangu muhula uanze sijakionyesha popote. Kiko nyumbani kabatini, ndani ya nailoni yake, kati ya sahani za wageni. Hakina hata alama ya kidole.

Nieleze inavyofanyika, maana ujuzi usipoandikwa hupotea. Kwanza mikono iwe nyuma. Mwanafunzi hatembei na mikono nyuma. Mikono yake ina simu, ina daftari, ina karanga. Halafu usiharakishe. Mwenye haraka hutiliwa shaka. Na hili ndilo kubwa: ukifika kwa mlinzi usimsubiri akuulize. Muulize wewe. Mgongo unaendeleaje? Mtoto kapona kikohozi? Mlinzi aliyeulizwa habari za mgongo wake hana tena moyo wa kumdai mtu kitambulisho.

Mlinzi wa maktaba ananiita Profesa. Sikumwambia aniite hivyo. Sikumkataza pia. Nimefundisha jiografia shule ya msingi mpaka nimestaafu, na nadhani mtu akinitazama anaona ubao nyuma yangu. Mvi zinasaidia. Koti linasaidia zaidi.

Nilimpita shemeji kwenye foleni ya maktaba. Huyu ni kaka wa mke wangu, mstaafu wa bohari ya vipuri. Chuo kilipotangaza nafasi za wazee tuliomba pamoja, tukapata pamoja, na sasa tunasoma darasa moja, mwaka wa kwanza. Yeye kitambulisho chake kinaning'inia shingoni kwa utepe mwekundu asubuhi mpaka jioni. Sina ushahidi kwamba hulala nacho, lakini namdhania. Amesimama juani na vijana wenye umri wa wajukuu zake, anacheka nao. Nikamsalimia kwa kichwa tu. Akasema, kwa sauti ya kusikika na foleni nzima, kwamba kuna watu wanasoma kwa kujificha kama wanaiba. Profesa hajibizani kwenye foleni.

Chai nimekunywa chumba cha wahadhiri. Kikombe kilikuja na kisahani chake. Mwanafunzi hapewi kisahani.

Tangazo limebandikwa. Mtihani wa kwanza wa kumaliza mwaka ni Ijumaa. Mlangoni pa ukumbi itawekwa mashine, na kadi isiyowasha taa ya kijani mwenyewe haingii. Chini yake, kwa herufi nzito, sisi wazee tumekumbushwa kwamba nafasi yetu ni moja. Atakayekosa mtihani hata mmoja arudi kwake akapumzike.

Hainihusu. Kadi ninayo, tena mpya kuliko ya mtu yeyote pale.

Jumanne, 10 Juni

Nimeitoa kadi kabatini. Kuijaribu tu. Mke wangu aliponiona nafungua upande wa sahani akauliza wageni ni akina nani.

Nikachagua saa ambayo maktaba haina foleni. Nikaipitisha kadi kwenye mashine. Taa nyekundu! Na mlio, kama wa ndege aliyekanyagwa. Nikapitisha tena. Ndege yuleyule. Mlinzi akainuka, akaitazama mashine, akanitazama mimi, kisha akaipiga mashine kofi.

“Isamehe, Profesa,” akasema. “Haijui watu.”

Nikapita. Lakini mlinzi wa Ijumaa simjui, wala mgongo wake siujui.

Nikamwendea mkutubi. Sikumwambia ni kadi yangu. Nilimuuliza habari za mwanafunzi wangu mmoja ambaye kadi yake inawasha nyekundu. Akanieleza vizuri, na mimi nathamini mtu anayejua kueleza. Zamani chuo kilikuwa na wanafunzi hewa: majina yapo, watu hawapo. Kwa hiyo sasa kadi isiyopita kwenye mashine yoyote muhula mzima hujifunga yenyewe. Mwenye kadi hana budi kwenda dirisha la vitambulisho ifunguliwe. Akaongeza kwamba mwanafunzi aliyekaa muhula mzima bila kuazima kitabu lazima ni mjinga. Nikamwambia si mjinga, ana sababu zake.

Dirisha la vitambulisho liko chini ya jengo la utawala. Foleni ilikuwa imepinda kona. Nikaweka mikono nyuma, nikaingia kwa mlango wa pembeni. Karani ni mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, huivaa akisoma kadi na kuivua akitazama watu. Aliponiona akainuka akanipa kiti.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Sentensi nilikuwa nayo tayari, fupi, nzuri, nimeitunga njiani. Lakini mtu akishakalishwa kwenye kiti cha mto ni vigumu sana kusema kwamba yeye ni wa mwaka wa kwanza. Nikasema nimeleta kadi ya mwanafunzi ifunguliwe.

Akavaa miwani, akaitazama picha. Akavua, akanitazama. Akasema tunafanana ajabu.

Nikasema ni mdogo wangu.

Ilitoka yenyewe! Laini kabisa, kama chafya.

Akafurahi. Akasema mdogo wake Profesa ni kama mdogo wake yeye, ila sheria inataka mwenye kadi aje mwenyewe, na uso wake. Basi aje kesho. Nikashukuru, nikaaga. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi nilipokumbuka kwamba kwetu mimi ndiye kitinda mimba.

Nyumbani nimekaa nimeutazama msumari. Uko ukutani juu ya televisheni; mke wangu aliupigilia siku niliyopata nafasi ya chuo. Akasema hapo ndipo shahada itakapokaa, na hataki kuona kalenda pale. Maisha yangu yote ya kazi nimefundisha kwa cheti tu, na kila mwalimu mkuu aliyewekwa juu yangu nilimfundisha mimi jinsi ya kushika chaki. Wageni huuliza msumari ule ni wa nini. Yeye huwajibu kwa majivuno. Mimi huenda jikoni kutafuta maji.

Jumatano, 11 Juni

Mpango. Nieleze msingi wake. Watu hawamtambui mtu kwa sura; wanamtambua kwa vitu vilivyomzunguka. Ondoa koti, ondoa miwani, ondoa mikono nyuma, na Profesa hayupo. Kwa hiyo nikavaa sweta ya mwanangu, ile yenye kofia, na raba zake. Nywele nikazipaka dawa nyeusi ya mke wangu. Sikio la kushoto nalo likaingia rangi. Lilikataa kutoka.

Mke wangu akacheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema, Mwalimu, umekuwa kijana aliyeugua muda mrefu.

Ugumu wa kwanza: bila miwani sioni mbali. Nilipanga foleni kwa subira nzuri, nikasogea, nikasogea, nikafika mbele, nikakuta ni foleni ya kutoa nakala. Nikaenda kupanga ile nyingine.

Karani ni yuleyule wa jana, lakini leo alikuwa kama mtu mwingine kabisa. Kiti hakukitaja. Akatazama kadi, akanitazama, akasema picha imenizeesha. Nikafurahi kidogo. Furaha haikudumu. Akaanza kunisema. Kaka yangu alikuja jana, mtu wa heshima, koti limenyooka, na mimi je, mtu mzima nimevaa kofia ndani ya ofisi, sikio lina wino. Akasema ningemwiga kaka yangu hata robo tu. Sijawahi kusifiwa na kutukanwa na mtu mmoja kwa pumzi moja.

Halafu likaja jambo lenyewe. Kadi ambayo haijawahi kutumika hata mara moja haifunguliwi kwa uso peke yake. Lazima aje mtu wa hapa chuoni kuthibitisha kwamba mwenye kadi si hewa. Nikahisi raba zimekuwa nzito. Yeye akatabasamu. Akasema mimi nina bahati, mtu ninaye nyumbani.

“Mlete kaka yako. Msimame hapa wote wawili, dakika moja tu.”

Nikamwambia kaka ana shughuli nyingi. Akasema jana alikuwa na nafasi. Nikamwambia, na hapa nakiri akili ilikuwa imechoka, kwamba mimi na kaka hatupendi kuonekana pamoja. Macho yakamlainika. Akasema baba na mama wakishaondoka ndugu hubaki wao tu, na kwamba kadi hii sasa hataifungua mpaka atuone tumepeana mikono mbele yake.

Kwa hiyo sasa natakiwa niandamane na mimi mwenyewe, na nipatane naye.

Nilipomweleza mke wangu akaanza kucheka, kisha akaacha. Akauliza Ijumaa itakuwaje. Akasema niende kwa kaka yake. Nikasema kuliko kumwomba yule bwana bora nikose mtihani. Alitazama tu ukutani, pale juu ya televisheni, akaenda kulala.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi nimekwenda kwa shemeji.

Nilimkuta anasoma, kitambulisho kifuani, utepe umenyooshwa. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kucheka, jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Mwisho akasema hajaelewa nataka nini. Nikasema naomba anisaidie. Akasema hajasikia vizuri. Nikasema tena, naomba. Akasema sikio la kulia limesikia, ila la kushoto nalo lingependa.

Mpango ulikuwa hivi. Karani hakuona mtu Jumanne, aliona koti. Shemeji atavaa koti langu na tai yangu, asimame mbali, mlangoni, mikono nyuma. Karani atakuwa amevua miwani kutazama watu. Mimi, mdogo mtu, nitatoka dirishani, nitamfuata kule mlangoni, tutapeana mikono kwa uchungu kidogo, nitarudi, kadi itafunguliwa. Shemeji asisogee wala asiseme neno.

Koti lenyewe lilileta ubishi. Shemeji ni mfupi na mpana. Kifungo cha tumbo kilikataa, akakilazimisha, na mikono ya koti ikameza vidole vyote. Nikamwambia mikono nyuma itaficha.

Foleni leo ilikuwa ya darasa letu karibu nzima, vijana wanaohakikisha kadi zao kabla ya kesho. Nikavuta kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi. Nikafika dirishani. Nikamwonyesha karani kwa kidole: kaka yangu yule pale. Akainua macho, akaona koti, uso ukamchangamka. Nikaanza kutembea kwenda kupatana.

Yule bwana akaja!

Alitakiwa asimame. Akaja mbele, polepole, tumbo limetangulia, amenogewa. Akanipita. Akafika dirishani, akainama, akamuuliza karani mgongo wake unaendeleaje.

Karani akavaa miwani.

Sijui kwa nini sikulifikiria. Shemeji kitambulisho chake amekivaa muda mrefu mno, hakihisi tena, kama mtu asivyohisi meno yake. Juu ya tai yangu, kwa utepe mwekundu, kilining'inia vilevile, na karani akakisoma kwa sauti, neno moja moja. Mwanafunzi. Mwaka wa kwanza.

Nikarudi dirishani kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Karani akaniambia nivue kofia. Nikavua. Akaniuliza kama nina miwani. Ninayo, mfukoni. Akasema nivae. Nikavaa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nikamwona vizuri, na yeye akaniona vizuri.

“Shikamoo, Profesa,” akasema taratibu.

Nikatafuta sentensi nyingine. Nilitafuta kweli, nina akiba kubwa. Haikuja.

“Mimi ni mwanafunzi,” nikasema. “Sina kaka. Kadi ni yangu.”

Nikamweleza. Kwamba sijawahi kuitumia kwa sababu nilipenda wanavyonisalimia mlangoni. Kwamba mtihani ni kesho na kwetu wazee hakuna mwingine. Kwamba nikikosa, imekwisha. Nilieleza kwa kifupi, jambo nisilolizoea.

Karani akamgeukia shemeji, akamuuliza kama kile kitambulisho ni chake halisi. Ni chake. Anasoma darasa gani? Akataja. Karani akasema anachotaka yeye ni mtu wa chuo, hakusema lazima awe mhadhiri. Kaka profesa nilimleta mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mwanafunzi wa darasa moja anatosha. Je, anamfahamu huyu?

Shemeji akanigeukia.

Akajifuta uso kwa mkono wa koti langu. Nilimwona anavyonitazama, na nikajua anaziona zile asubuhi zote nilizompita juani nikamsalimia kwa kichwa. Hakuwa na haja ya kunitetea. Angesema tu hanijui, na mwakani angeendelea mwenyewe, na ule msumari ungebaki msumari.

“Namfahamu,” akasema. “Kamwoa dada yangu. Tunasoma darasa moja, anakaa mbele, anauliza maswali mpaka mhadhiri anasahau kwenda kwao. Mfungulie, mama.”

Kijana mmoja kwenye foleni akasema kweli, hasa hilo la maswali. Wakacheka wote. Mimi nikashika ukingo wa dirisha.

Karani akabonyeza kitufe kimoja. Kimoja! Akapitisha kadi kwenye mashine yake ndogo. Kijani. Sijaona rangi nzuri namna ile, na nimefundisha misitu.

Akanirudishia kadi. Akasema ningemwambia ukweli Jumanne, angeifungua Jumanne kwa shahidi yeyote wa kwenye foleni. Na kile kiti alinipa kwa ajili ya mvi zangu, uprofesa hakuujali. Anampa kila mzee. Halafu akasema mvi mwenyewe nimekwenda kuzipaka rangi.

Nje tulikaa kwenye benchi, mimi na shemeji. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alivua koti, akanirudishia, kifungo kimoja hakipo. Akasema limembana tangu asubuhi. Nikamwambia asante. Hakudai nirudie kwa sikio la kushoto.

Mke wangu alinifungulia mlango, akanitazama usoni, akapakua chakula. Nimekula sahani mbili. Sikujua kwamba tangu Jumanne nilikuwa sijala vizuri.

Ijumaa, 13 Juni

Kijani! Nimepitisha kadi, kijani. Nikapitisha tena kwa furaha. Mlinzi akasema mara moja inatosha, mzee, wengine wanasubiri.

Nimeingia ukumbini mapema, mwepesi kama niliyetua mzigo wa kuni. Nilivaa koti langu, maana ukumbi una baridi. Mikono ilikwenda nyuma yenyewe, ni mazoea tu. Nikasimama mbele nikitafuta kiti changu.

Msimamizi ni mhadhiri mgeni, binti mpole, kaletwa kutoka idara nyingine, ana mabunda ya karatasi mikononi na hajui aanzie wapi. Akaniona. Uso ukafunguka. Akaniamkia, akaniita Profesa, akashukuru kwamba wamemletea msaada, akanipa bunda moja, akaniomba nigawe upande wa dirishani.

Nieleze hapa. Mtu mwenye mzigo akikukabidhi nusu, adabu ni kupokea kwanza na kueleza baadaye. Nikagawa. Niligawa vizuri, karatasi zimegeuzwa kifudifudi, kama inavyotakiwa. Nilipofika kwa shemeji alinitazama kwa muda mrefu, kisha akafumba macho. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida asianze kabla ya kuambiwa.

Yangu nikajiwekea ya mwisho, nikakaa, nikaandika. Msimamizi alipoona naandika akawaambia wanafunzi watulie, Profesa anaandaa majibu ya kusahihishia. Kuna mtu alicheka, akakaripiwa.

Swali la mito lilikuja! Na la pepo. Na la ramani. Nimejibu yote, na nafasi ikabaki ya kuongeza mchoro. Wakati wa kukusanya alinipa tena upande wangu, na karatasi yangu nikaitia katikati ya bunda, na jina langu juu yake, na namba ya kadi. Nimehakikisha. Imeingia.

Nilipotoka nje nilivuta pumzi moja ndefu mpaka kifungo kingine kikakatika.

Jumamosi, 14 Juni

Nimelala mpaka jua limeingia chumbani. Mke wangu anaimba jikoni. Sikio limeanza kutakata.

Nimejifunza mengi wiki hii. Kwamba ukweli mfupi hufungua haraka kuliko uongo mrefu. Nimemwambia mke wangu hivyo, akasema niandike, nisije nikasahau. Nimeandika.

Jambo moja sikuliandika jana. Baada ya mtihani yule msimamizi alinifuata kwenye ngazi. Alishukuru sana. Akasema Jumatatu amepangiwa tena, peke yake tena, na kama Profesa angekuwa na nafasi basi angemwokoa. Wasimamizi hawapangi foleni wala hawapitishi kadi. Wanaingia kwa mlango wa nyuma, na wanaletewa chai.

Nilikuwa na sentensi tayari. Fupi, ya ukweli. Lakini alikuwa amechoka, yule binti, na chai yenyewe alisema ni ya kikombe na kisahani. Nimemkubalia.

Jumatatu ndiyo siku ya mtihani wetu wa pili. Nimelitafakari kwa utulivu na sioni tatizo. Ukumbi ni uleule na saa ni ileile, kwa hiyo sitapata hata taabu ya kutembea.